Kutoka Mzani wa Pamba Hadi Kitufe cha Mpira

Historia ya kompyuta Tanzania kwa kawaida huanzia Hazina, Dar es Salaam, mwaka 1965, ilipofungwa mashine ya ICT 1500. Mimi naianzia nyuma zaidi, kwenye magulio ya pamba ya Usukuma, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kompyuta, iwe kubwa kama kabati au ndogo ya mkononi, haijui lolote la ulimwengu mpaka kuwe na kitu cha kuipelekea habari. Na katika ukanda wa Shinyanga hadi Geita, niliosafiri kuuona mwenyewe, waliotangulia kugombea swali la nani asome na nani ahakiki kilichosomwa walikuwa wakulima wa pamba.

Pamba ilinunuliwa na mawakala wa wenye viwanda vya kuchambulia, wengi wao Waasia. Mkulima alileta mzigo wake, akapanga foleni, mfuko ukapimwa, na uzito ukasomwa na yule yule atakayelipa. Malalamiko ya kupunjwa yalizagaa kila gulio. Ndipo wakulima wakaanza kuweka watu wao wenyewe wasimame kando ya mzani, kazi yao ikiwa kutazama mshale tu. Paul Bomani, kijana wa Mwanza aliyekuwa katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika, akalivalia njuga jambo hilo, na kufikia 1955 vyama vya wakulima vilikuwa vimeunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, VFCU, lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Chanzo chake, kwa sehemu kubwa, ni kutoaminiwa kwa kifaa kimoja.

Bomani huyo huyo akawa Waziri wa Fedha kuanzia 1962 hadi 1965, mwaka ambao kompyuta ya kwanza iliingia katika wizara ile. Sijui msomaji ataliona vipi. Mimi naona ni mtu mmoja aliyeishi kuuona mzani wa gulioni na mashine ya kadi za kutobolewa ndani ya miaka kumi na tano.

Ukitoka Shinyanga mjini kuelekea upande wa Mwanza unafika Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Katika safari hiyo nilipita huko kwanza, kabla ya kugeuza kwenda Kahama, kwa sababu migodi ya almasi ni shule nzuri ya vifaa vinavyohisi. Kwa miongo mingi almasi zilikamatwa kwenye meza zilizopakwa grisi: almasi haishiki maji, hivyo hunata kwenye grisi huku mawe mengine yakisukumwa na maji yapite. Baadaye ikaja mionzi ya eksirei. Almasi ikipigwa na mionzi hiyo hung'aa. Kifaa cha kuhisi mwanga huiona, na pumzi ya hewa iliyoshindiliwa huirusha pembeni. Jicho limeona, mkono umetenda, na katikati kuna saketi inayoamua kama ule ulikuwa mwanga kweli au ni kelele tu.

Tukirudi Hazina, furaha ya kompyuta ile haikudumu. Mahesabu hayakukaa sawa, fedha za kigeni zilikwenda, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa katika miaka ya 1980, lakini kipindi kile ndicho hasa dunia ya kompyuta ilipogeuka. Uingereza ilitoa ZX Spectrum mwezi Aprili 1982. Commodore 64 ikaanza kuuzwa Marekani mwaka huo huo. Hizi zilikuwa kompyuta za nyumbani, za kuchomekwa kwenye televisheni ya sebuleni, na watoto wa miaka kumi na mbili waliandika programu kwenye zulia. Kwetu, 1983 ulikuwa mwaka wa operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi, sabuni na sukari vikitafutwa kwa tochi. Na hata kama mjomba angekuletea Spectrum kutoka London, ungeichomeka wapi? Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara matangazo yalianza 1994. Ni kizazi kizima kilichorukwa, na kilichorukwa si michezo ya kompyuta. Ni ile fursa ya kugusa mashine hadi chini kabisa, mahali ambapo kidole kinageuka kuwa namba.

Kahama ndiko nilikoamua kuirudia fursa hiyo. Gesti ilikuwa na umeme wa kuaminika, na laputopu yangu ina programu inayoiga Spectrum. Nikaandika draiva. Draiva ni programu ndogo inayokaa kati ya kifaa na programu nyingine zote: yenyewe tu ndiyo inajua nyaya, wengine wanauliza majibu. Kwenye mashine hizi huandikwa kwa lugha ya asembli, amri moja kwa hatua moja ya prosesa, kwa kuwa lugha ya Beziki (BASIC) ya mle ndani inajikokota.

Kibodi ya Spectrum ina vitufe 40 vya mpira lakini nyaya 13 tu: 8 upande mmoja, 5 upande mwingine. Kila kitufe ni makutano ya waya mmoja wa huku na mmoja wa kule. Prosesa, Z80 ya megahezi 3.5, huchagua mstari mmoja kati ya minane na kuuliza nyaya tano zina hali gani. Jibu linakuja kinyume cha mategemeo: kisichobonyezwa ni 1, kilichobonyezwa ni 0. Hii ndiyo sehemu yangu iliyosoma herufi P na O, ambazo wachezaji wa zamani walizitumia kwenda kulia na kushoto:

SOMA: LD BC,57342
IN A,(C)
BIT 0,A
JR Z,KULIA
BIT 1,A
JR Z,KUSHOTO
RET

Namba 57342 ndiyo anwani ya mstari wenye P, O, I, U na Y. Amri ya pili inaleta hali ya nyaya. BIT inatazama biti moja. JR Z inaruka iwapo ni sifuri. Hakuna kingine. Mtu aliyezoea kuandika programu za kisasa atashangaa kwamba kati ya kidole na amri hakuna mtu wa tatu.

Shida inaanza pale unapogundua kwamba kifaa kinasema uongo. Kwenye Spectrum halisi, bonyeza Q, W na A kwa pamoja, na mashine itaapa kwamba S nayo imebonyezwa. Umeme umezunguka: umeingia kwa A, ukapanda waya wa Q, ukavuka hadi W, ukashuka kwenye waya wa S. Kitufe cha mzimu. Tena kitufe cha kawaida kikigusana hakitulii mara moja, hurukaruka kwa kitambo kifupi sana, na programu yenye haraka itahesabu mibonyezo mitatu badala ya mmoja. Walioandika programu ya ndani ya Spectrum waliisoma kibodi mara 50 kwa sekunde, na kabla ya kusahau kitufe kilichoachwa walisubiri mizunguko mitano ya usomaji. Huo ni uungwana wa zamani ambao haukuandikwa kwenye matangazo.

Commodore 64 ina vituko vyake. Joistiki ya mlango wa kwanza inatumia nyaya zile zile za kibodi, kwa hiyo ukiisukuma unaweza kuona herufi zikijiandika kwenye skrini pasipo mtu kugusa kibodi. Draiva yenye adabu huandika 255 kwenye anwani $DC00 ili kufunga mistari ya kibodi, ndipo isome $DC01. Na kwa kipanya chake cha 1351, namba ya mahali kilipo hufika kupitia chipu ya sauti, katika $D419. Biti yake ya chini kabisa ni kelele tupu, hivyo draiva huitupa kabla ya kupiga hesabu ya tofauti. Nilipolisoma hilo nililipenda: mtengenezaji anakiri waziwazi kwamba sehemu ya kile kifaa kinachosema haina maana, na anamwachia mwandishi wa programu aamue.

Kutoka Kahama, kupita Kakola na mgodi wa Bulyanhulu, hadi Geita, barabara inakatiza nchi ya maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, na makarasha ya kusaga mawe. Wajerumani waliiona dhahabu ya Geita mwaka 1898. Mgodi wa kikoloni ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na huu mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Soko la madini, ambako mchimbaji mdogo anaweza kuuza, lilifunguliwa Geita Machi 2019.

Kwa broka mmoja nilitazama mzani wa kidijitali. Mchimbaji akaweka kijipande chake cha rangi ya kahawia, namba ya mwisho ikawa inacheza, ikipanda, ikishuka.

"Subiri itulie, kaka," broka akasema.

Ikatulia. Ndani ya mzani ule kuna chuma kinachopinda kidogo sana, waya unaobadili ukinzani kadiri chuma kinavyopinda, na prosesa ndogo inayofanya kazi ile ile ya draiva ya Commodore: kutupa kelele, kulinganisha usomaji na uliopita, kuamua lini namba ni ya kuonyeshwa. Kitufe cha kurudisha sifuri kipo pembeni. Kikibonyezwa kikombe kitupu kikiwa juu ya mzani, uzito wa kikombe unatolewa. Kikibonyezwa kwa ujanja, uzito wa mali ya mtu unaweza kuondoka nao. Aliyeandika programu ya mzani ule ameamua mambo hayo yote, na hayupo pale kuulizwa.

Shule zetu zenye chumba cha kompyuta zinafundisha kuchapa barua na kupanga jedwali. Sina ugomvi na barua. Ila mwanafunzi wa Kahama au Shinyanga akipewa programu inayoiga Spectrum, ambayo ni ya bure na inakwenda hata kwenye laputopu chakavu, atasoma kitufe kwa mistari saba na kujua kwa nini namba inayocheza haiaminiki. Mwalimu wa fizikia anaweza kuanza wiki ijayo.

Na wewe unayekwenda kuuza pamba au dhahabu: kabla mali yako haijapanda, simama mahali unapoiona skrini, hakikisha inasoma sifuri, na tafuta stika ya Wakala wa Vipimo. Isipokuwapo, beba mzigo wako uende mzani mwingine.