Ubahili wa Mama Yangu

Msomaji, ikiwa wewe ni Mpare kama mimi, bila shaka umekwisha kuusikia utani ule wa samaki. Yasemekana Mpare alinunua samaki mmoja, akamtundika darini, kisha yeye na wanawe wakala ugali mkavu huku wakimtazama. Nimeusikia Tanga, nimeusikia Dar es Salaam, na hata harusini kwangu mtani mmoja aliusimulia, watu wakacheka. Nami nilicheka. Lakini moyoni nilikuwa na langu. Mama yangu mzazi aliwahi kutunyima maharage siku ya njaa, nayo yakiwa yananing'inia juu ya vichwa vyetu.

Kwetu ni Mamba, upande wa mashariki wa milima ya Upare Kusini. Ukisimama ukingoni unaiona tambarare ya Maore na Ndungu, ambako mpunga hulimwa. Huku juu tuna ndizi, magimbi, mahindi, maharage, na tangawizi ambayo siku hizi imeitangaza Mamba nchi nzima. Mama hakuwa na kitabu cha mapishi. Kitabu chake kilikuwa mvua. Maharage ya vuli yakianza kukauka kwenye maganda, tulijua kwamba kishumba kimefika: maharage yanachemshwa mpaka yaive, juu yake zinawekwa ndizi mbichi zilizomenywa, chumvi kidogo, kisha vyote vinapondwa kwa mwiko mpaka vishikane. Mahindi ya masika yakikauka, ilikuwa zamu ya makande. Mahindi yalitwangwa kinuni kuondoa ganda, yakakaa mafigani tangu jioni, na asubuhi tukala kwa maziwa mgando. Ukimwuliza kipimo, alikujibu, "Tazama mkono wangu."

Nilipokuwa mtu mzima nikasoma historia kidogo, nilishangaa kujua kwamba hayo makande tunayojivunia yametoka mbali. Mahindi na maharage haya ya kawaida asili yake ni Amerika. Yalivushwa bahari baada ya Wareno kuanza kufika pwani yetu, mwishoni mwa karne ya 15, kisha yakapanda bara taratibu, mkono kwa mkono. Ndizi na magimbi ni wageni wa zamani zaidi, kutoka Asia. Wenyeji hasa wa Afrika ni mtama, ulezi na kunde. Basi kila kilichomo katika chungu cha mama, mtu fulani alimpa mwenzake mbegu, akamweleza namna ya kuipanda na namna ya kuipika. Mbegu bila maelezo ni punje tu.

Hata maji tuliyapata kwa kupeana. Wazee wetu walichimba ndiva, yaani mabwawa ya udongo ya kukusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi ndiva hufunguliwa, na maji hushuka mferejini kwenda shamba hili, kesho shamba lile, kwa zamu. Ndiva ikijaa tope huzibuliwa kwa msaragambo, kazi ya wote. Asiyefika hulipa faini. Watu wanaohesabiana maji hivyo hujifunza kuhesabu na vingine. Miaka ya 1940, wakati wa Mwingereza, ilipoletwa kodi ya mbiru ya kukadiria mali ya kila mtu, Wapare kwa maelfu walishuka milimani mwaka 1945 wakaenda Same kuipinga. Hawakutaka mgeni aje kuchungulia ghalani mwao. Huenda utani wa samaki una mizizi yake humo humo.

Sasa nirudi kwenye maharage. Mwaka 1974 mvua zilitunyima, kama zilivyoinyima sehemu kubwa ya Tanzania, na serikali ikalazimika kununua nafaka kutoka ng'ambo. Nilikuwa na miaka kumi. Tulikula magimbi mpaka tukayachukia, na siku nyingine mboga za majani peke yake. Juu ya meko, penye moshi, kilining'inia kibuyu chenye maharage madogo ya rangi ya damu ya mzee, yamechanganywa na majivu yasitobolewe na wadudu. Mdogo wangu alilia akikionyesha kwa kidole. Mama akasema, "Hayo si chakula. Hayo ni mwaka kesho."

Jioni moja jirani yetu mmoja akaja. Alikuwa amekwisha kupika mbegu zake zote. Mama akakishusha kile kibuyu, akamimina nusu yake katika khanga ya yule mama, akamweleza apande wapi na lini. Hakumpa hata punje moja ya kupika. Nami nikamchukia mama usiku ule: sisi tulinyimwa, mgeni akapewa! Sikumwambia, lakini nadhani alijua. Mvua iliporudi tukapanda, naye jirani akapanda. Siku tuliyopika kishumba cha kwanza nilikula bila kumtazama mama usoni.

Mama alifariki mwaka 2001. Mbegu ile ikabaki kwa kaka yangu, aliyekuwa akilima si mbali na Goha. Novemba 2009 mvua kubwa ilinyesha, mlima ukaporomoka usiku, na huko Goha familia zilifukiwa pamoja na nyumba zao. Sisi hatukupoteza mtu, namshukuru Mungu. Lakini shamba lilifunikwa na tope, na mbegu ya vuli ilikuwa yote ardhini. Hatukuwa hata na kiganja.

Baada ya matanga, binti wa jirani yule wa 1974 alikuja kutupa pole. Alibeba kibaba kimoja cha maharage madogo, rangi ya damu ya mzee. Akasema mama yake alimwagiza kwamba mbegu hii ina mwenyewe. Niliyashika mkononi nikashindwa kusema. Miaka thelathini na mitano nilidhani mama alikuwa ameigawa akiba yetu, kumbe alikuwa anaiweka mahali ambapo tope la kwetu lisingefika.

Wahenga wamenena kwamba akiba haiozi. Mimi naongeza kwamba akiba ya ghala moja huweza kuoza, kuliwa na wadudu, au kufukiwa. Ile iliyo shambani kwa jirani hukaa.

Siku hizi nikimpikia mgeni kishumba, naye akaniomba mapishi yake, humwandikia, kisha humfungia katika karatasi punje kumi na mbili za kupanda. Wengine hucheka: kweli huyu ni Mpare, anahesabu hata maharage! Nami huwaambia, ndiyo, nimeyahesabu. Kumi na mbili zinatosha kuanzia.