Mille Collines: wageni wa hoteli moja ya Kigali, na yale rangi mpya haifuniki

Hoteli ikifanyiwa ukarabati, wageni hulalamika juu ya mambo yale yale. Nyundo zinapigwa tangu asubuhi, vumbi linaingia mpaka kitandani, maji yanakatika, na chumba si kile ulichoahidiwa. Mwenye hoteli naye hujibu vilevile: vumilieni kidogo, kazi ikiisha mtafurahi.

Leo, ndugu wasomaji, na ninyi wasikilizaji mnaosomewa makala haya na watoto wenu, tuzungumze juu ya hoteli moja iliyo katikati ya mji wa Kigali. Inaitwa Hôtel des Mille Collines, maana yake Hoteli ya Vilima Elfu. Tangu vita ya mwaka 1994 imetengenezwa upya na kubadilisha wenyewe. Ukifika pale leo unakuta kuta safi, bustani, na pisini yenye maji ya bluu. Lakini kuna wageni waliokaa pale zaidi ya miezi miwili wakinywa maji ya pisini hiyo. Historia yao inatuhusu sisi watu wa Kivu, hasa familia zilizohama makwao.

Najua kwamba kutaja Kigali mbele ya watu wetu wakati huu ni kugusa kidonda. Siandiki kwa ajili ya kutetea serikali yoyote wala jeshi lolote. Naandika juu ya watu waliokimbia, waliotafuta paa, na yale yaliyofanya wengine wapone na wengine wasipone.

Hoteli ya wakubwa

Mille Collines ilifunguliwa mwaka 1973. Ilikuwa mali ya Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, ambalo lilikuwa na hoteli katika miji kadhaa ya Afrika, na hata kwetu Kinshasa lilikuwa na Memling. Mille Collines ilikuwa na vyumba 112 kwenye gorofa tano. Kabla ya vita, pisini yake ilikuwa kama barza ya wakubwa. Wanasiasa, wafanyabiashara, wanadiplomasia, watu wa mashirika ya misaada na waandishi wa habari walikaa pale jioni, wakinywa bia na kupashana habari. Mwandishi wa Kanada, Gil Courtemanche, aliandika riwaya kuhusu Kigali ya miaka ile, na pisini ya hoteli hiyo ikaingia mpaka kwenye jina la kitabu. Raia wa kawaida hakuingia pale. Aliiona kwa mbali tu, akipita barabarani.

Usiku wa tarehe 6 mwezi wa nne mwaka 1994, ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa. Kesho yake Waziri Mkuu, Mama Agathe Uwilingiyimana, akauawa pamoja na mumewe. Askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa wakimlinda wakauawa pia. Yakaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na Wahutu waliopinga siasa ile wakauawa pamoja nao. Watu wakakimbilia walikodhani hawatafuatwa: makanisa, mashule, hospitali. Wachache wenye njia wakakimbilia Mille Collines.

Tuseme ukweli huo bila kuuficha. Wengi waliofika hotelini walikuwa watu wenye kujulikana, wenye elimu, wenye gari au rafiki askari wa kuwapitisha kwenye barieri. Mama wa kijijini mwenye mtoto mgongoni hakuwa na nafasi kubwa ya kufika pale akiwa hai.

Chumba cha wawili, watu kumi

Wageni wa kigeni wakaondolewa na majeshi ya nchi zao ndani ya siku chache. Meneja wa kizungu akaondoka. Kazi ikashikwa na Paul Rusesabagina, Mnyarwanda aliyekuwa akiongoza Hôtel des Diplomates, hoteli nyingine ya Sabena mjini humo. Mwisho wa hesabu, watu 1,268 walipata kimbilio Mille Collines. Gawanya idadi hiyo kwa vyumba 112, unapata watu zaidi ya kumi kwa kila chumba. Walilala vitandani, chini, kwenye makolido.

Umeme ukakatwa, maji ya bomba yakakatwa. Hapo pisini, iliyokuwa ya kuogelea na kujionyesha, ikawa kisima. Watu walishuka na vyombo kuteka maji yake ya kunywa na ya kupikia, kwa kipimo, ili yasiishe haraka. Yeyote kati yenu aliyepanga foleni na bidoni mbele ya bomba moja linalohudumia familia mia anajua hali ile bila kuelezwa. Tofauti ni kwamba wao hawakuweza hata kutoka nje ya lango kutafuta mto.

Simu pia ilikatwa, lakini waliokata walisahau laini moja, ile ya faksi. Laini hiyo ndiyo ilifanya kazi kubwa kuliko bunduki. Usiku kucha watu walipiga Paris, Brussels, popote walipokuwa na namba ya mtu. Tarehe 23 mwezi wa nne, afisa wa upelelezi wa jeshi alifika alfajiri akaamuru watu wote watolewe nje, akitoa nusu saa tu. Simu zikapigwa upesi kwa wakubwa wa Kigali na wa ng'ambo. Kabla ya nusu saa kuisha, amri ikaja kutoka juu na afisa yule akaondoka. Tarehe 13 mwezi wa tano ikatokea tena: wakaonywa kwamba watashambuliwa mchana, faksi ikafika wizara ya mambo ya nje ya Ufaransa, na shambulio halikutokea.

Shule ambayo haikuwa na simu

Lazima tuiweke hoteli hiyo karibu na mahali pengine, la sivyo tutadhani waliokoka kwa bahati tu. Kicukiro, upande mwingine wa Kigali, kulikuwa na shule ya ufundi iliyoitwa ETO. Watu wapatao 2,000 walikimbilia pale kwa sababu askari wa Ubelgiji wa jeshi la Umoja wa Mataifa walikuwa wamepiga kambi ndani. Tarehe 11 mwezi wa nne askari wale walipata amri ya kuondoka. Watu waliwasihi wasiwaache. Magari yakatoka, na interahamwe waliokuwa wakingoja nje wakaingia pamoja na askari. Wengi wa watu wale waliuawa siku ileile.

Tarehe 21, Baraza la Usalama likaamua kupunguza jeshi lote la UN nchini Rwanda libaki watu wapatao 270.

Shuleni walikuwa watu kama walivyokuwa hotelini, na hofu yao ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kwamba dunia ilikuwa ikiitazama hoteli. Ilikuwa mali ya kampuni ya Ulaya, ilikuwa na simu, ilikuwa na watu ambao majina yao yalijulikana Paris na Brussels. Wauaji walijua kwamba wakiua pale, habari ingefika ng'ambo saa hiyohiyo. Shule haikuwa na kitu kama hicho. Hili liwakae moyoni wote wenye kazi ya kuhesabu wakimbizi wetu waliolala kwenye madarasa na makanisani. Mahali pasipotazamwa na mtu ndipo pa hatari kuliko pote.

Redio iliyosoma majina ya wageni

Sasa nifike kwenye jambo linalotugusa sisi wa redio. Tarehe 3 mwezi wa tano, UN ilijaribu kutoa kundi la kwanza la wageni hotelini kuwapeleka uwanja wa ndege. Malori yakaondoka. Lakini redio RTLM ilikuwa imepata majina ya walioruhusiwa kusafiri, ikayasoma hewani. Msafara ukasimamishwa barabarani na askari pamoja na interahamwe. Watu wakashushwa, wakapigwa, wengine wakajeruhiwa vibaya. Baada ya mabishano marefu walirudishwa hotelini, damu ikiwatoka.

Orodha ya wageni ni karatasi ya kawaida hotelini. Mapokezi huandika jina, chumba na siku ya kuondoka. Karatasi hiyo ikisomwa kwenye mikrofoni na mwenye chuki, inakuwa silaha. Mwaka 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, Tanzania, iliwahukumu viongozi wa RTLM Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Kesi ile ilionyesha kwamba mtangazaji anaweza kuwa na hatia ya damu bila kushika panga.

Ndiyo maana, mama zangu na baba zangu, mkifika studio kutafuta ndugu aliyepotea njiani, mtangazaji mwenye akili hatasoma kila kitu mlichomwambia. Hatataja kijiji mlichotoka, njia mnayotaka kupita, wala mahali mnapolala. Msione kwamba anawadharau. Anawalinda.

Kapteni asiye na bunduki

Filamu ya Hotel Rwanda ilipotoka mwaka 2004, dunia nzima ikaijua Mille Collines. Lakini sehemu kubwa ya filamu ile ilipigwa Afrika Kusini, na hadithi yote ikabebeshwa mtu mmoja, Rusesabagina. Alipewa nishani kubwa na Rais wa Marekani mwaka 2005. Baadaye baadhi ya waliookoka pale wakasema filamu ilimpamba, kwamba watu walidaiwa pesa za vyumba, na kwamba wengi wengine walifanya kazi ya kuwaokoa. Yeye alikataa tuhuma hizo. Mwaka 2021 alihukumiwa Kigali miaka 25 kwa mashitaka ya ugaidi yasiyohusu habari za hoteli, na mwezi wa tatu mwaka 2023 akaachiliwa. Wanaompenda na wasiompenda wanaendelea kubishana mpaka leo.

Katika ubishi huo, wengine wamesahauliwa. Nitamtaja mmoja, Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Alikuwa mwangalizi wa kijeshi wa UN, hakubeba bunduki. Ndiye aliyewakuta watoto wa Mama Agathe wamejificha, akawaficha ndani ya gari na kuwafikisha Mille Collines. Baada ya hapo aliendelea kupita barieri moja baada ya nyingine, akichekesha askari, akigawa sigara, na kutoa watu wachache wachache ndani ya gari lake. Watu mamia wanasemekana kupona kwa mkono wake. Tarehe 31 mwezi wa tano kombora lililipuka karibu na gari lake kwenye barieri, akafa. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulianzisha nishani yenye jina lake.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, pande mbili zilikubaliana kubadilishana watu: baadhi ya waliokuwa hotelini wavushwe upande wa RPF, na waliokuwa uwanja wa michezo wa Amahoro wavushwe upande wa serikali. Mwezi wa sita hoteli ikabaki tupu. Hakuna habari ya mtu aliyeuawa ndani ya hoteli ile.

Kutoka Kigali hadi Goma

Kigali ikachukuliwa na RPF tarehe 4 mwezi wa saba. Yaliyofuata watu wetu waliyaona kwa macho yao. Kwa siku chache tu karibu watu milioni moja walivuka mpaka kuingia Goma, raia wakiwa wamechanganyika na wauaji. Kolera ikaua makumi ya maelfu kwenye mawe ya volkano, ambako hata kaburi halichimbiki. Matunda ya kambi zile tunayala hadi leo.

Nani aliandika majina ya waliokufa kando ya barabara ya Goma? Nani aliandika majina ya wenyeji waliotoa maji na unga? Wageni wa Mille Collines walibahatika: wengi walikuwa watu wa kalamu, wakatoa ushuhuda mbele ya watafiti na mahakama, na hata filamu ilipokosea waliweza kusimama na kusema, haikuwa hivyo. Sabena yenyewe ilifilisika mwaka 2001 na hoteli ikauzwa, lakini ushuhuda ulibaki mikononi mwa watu.

Kwetu, shule iliyolaza wakimbizi hufagiliwa na masomo yanaanza. Kambi hubomolewa, na mwaka unaofuata mtu analima mihogo pale. Si vibaya, maisha lazima yaendelee. Lakini kabla ya kufagia, andikeni. Mwenye mtoto anayejua kuandika amwambie achukue daftari moja: tulitoka kijiji gani, tarehe gani, nani alitupokea, nani tulimzika na wapi. Daftari hilo lisipewe mtu msiyemjua, wala lisipelekwe redioni. Likae kwa mzee anayeaminika, mahali pakavu. Siku mtu mwingine atakapokuja kusimulia habari zenu asivyozijua, mtakuwa na kitu cha kumwonyesha.