Kisu cha Barwa

Masimulizi ya Wabukusu yanasema kwamba joka liitwalo Khururwe Yabebe lilikaa pangoni huko Mwiala, katika Bungoma ya leo, likimeza watu na mifugo. Mango alipoapa kuliua, majirani zake Barwa, yaani Wasabaoti na jamaa zao Wakalenjini, walimcheka: asiyetahiriwa ataliwezaje joka? Mango akaingia pangoni joka likiwa limetoka, akajibanza na upanga wake, na liliporudisha kichwa ndani akakikata. Kichwa kikaruka, kikauma mti, mti ukanyauka. Ndipo Barwa walewale wakamtahiri kwa heshima, na wanawe Wabukusu wakaifuata tohara hadi leo. Wasimulizi wengi hunogesha habari ya joka na kuipita haraka ile ya kisu, ingawa kisu ndicho chenye historia. Kisa hiki kinakiri kwamba mila ambayo Mbukusu huitumia kujitambulisha kuwa mwanamume aliipokea kwa jirani.

Atatokea wa kusema kwamba hadithi ya joka si ushahidi. Majoka yanauawa kila mahali. Mfululizo wa Kimarekani uitwao Supernatural ulitumia misimu 15, kuanzia 2005 hadi 2020, kuwaonyesha ndugu wawili wakiwinda mazimwi, na hakuna anayeutafutia historia. Pingamizi hili lina haki kwa upande wa joka, wala simtetei Yabebe. Lakini watu wanaojitungia sifa hawana sababu ya kumpeleka shujaa wao kwa jirani akatahiriwe baada ya kudhihakiwa. Ingekuwa rahisi kudai kwamba mizimu ilimpa Mango kisu usingizini. Aibu ile ndogo haikufutwa kizazi baada ya kizazi, na jambo lisilompendeza msimulizi likidumu namna hiyo, yafaa tuliamini zaidi kuliko yale yanayompamba.

Tena si kisa peke yake. Marika ya Wabukusu ni manane na majina yake huzunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Isipokuwa Kananachi, yaweke kando ya majina ya Kikalenjini, Korongoro, Kipkoimet, Kimnyige, Nyongi, Maina, Chumo na Sawe, uone kama kuna haja ya mkalimani. Wengine hushikilia kwamba tohara ni ya kale zaidi, tangu enzi za Mwambu, babu wao wa kale, na kwamba Mango aliifufua tu. Huenda. Lakini Wagisu wa Uganda, ndugu wa damu wa Wabukusu upande wa pili wa Mlima Elgon, nao hutahiri katika miaka shufwa, na marika yao huyapa majina ya matukio ya wakati ule, si ya mzunguko huu. Kama mzunguko ungekuwa urithi wa pamoja, wangekuwa nao. Wala haiyumkiniki kwamba Wakalenjini ndio walioazima, kwa kuwa majina hayo yametapakaa hadi kwa Wanandi na Wakipsigis, mbali na Bungoma.

Mkopo huo ulizaa undugu. Waliotahiriwa katika rika moja huitana bakoki, na mtu haoi binti wa bakoki wake, kana kwamba ni binti wa ndugu yake. Kijana hugonga chinyimba, kengele zake za chuma, akizunguka kualika jamaa. Alfajiri ya siku yenyewe hupakwa matope mtoni, kisha husindikizwa nyumbani kwa wimbo wa Sioyaye na kusimama wima mbele ya ngariba, bila kupepesa jicho. Wabukusu waliokwenda Trans Nzoia kuwa vibarua katika mashamba ya walowezi waliihamisha desturi hii nzima, na Agosti ya mwaka shufwa pembezoni mwa Kitale haina tofauti kubwa na ya Kimilili.

Pingamizi zito ni la damu. Mwishoni mwa 1991 na katika 1992 watu waliuawa na kufukuzwa makwao Trans Nzoia na Bungoma katika mapigano ya Wasabaoti na Wabukusu, na kati ya 2006 na 2008 wapiganaji wa Sabaot Land Defence Force waliitesa wilaya ya Mlima Elgon hadi jeshi likaingia. Je, undugu wa marika ulizuia nini? Haukuzuia. Ila ugomvi ule ulihusu ardhi iliyogawanywa na serikali, ya kikoloni na zilizofuata, na kura za uchaguzi wa vyama vingi. Katika suala la ardhi ya makazi ya Chebyuk, huko Mlima Elgon, hata koo za Wasabaoti wenyewe zilishikana mashati. Hayo ni mambo ya karne moja, nayo hayaonyeshi uadui wa asili. Mwanasiasa anayepanda jukwaani Kitale kudai kwamba Mbukusu na Msabaoti hawajawahi kupatana atueleze kwanza jina la rika lake lilitoka wapi.