DAKIKA 15 KWENYE BENCHI: KUJICHUNGUZA MZIO BAADA YA CHANJO

Nesi akishakuchoma chanjo anakwambia, "Kaa hapo nje dakika kumi na tano." Wengi wetu tunaitikia "sawa dada" halafu tunapita mlango wa nyuma kuwahi daladala. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nilipochanja homa ya manjano kwa ajili ya safari. Nilidhani ile benchi ni ya kusubiria kadi igongwe muhuri, na yangu ilikuwa imeshagongwa, basi nikasepa. Sikupatwa na kitu, lakini ni bahati tu, na bahati yenyewe niliijua baadaye niliposoma ile benchi ni ya nini.

Ni ya kuangalia mzio. Aleji, kama wengi tunavyosema.

MAUDHI NI KITU KIMOJA, MZIO NI KINGINE

Mkono kuuma, homa kidogo, mwili kuchoka, kichwa kugonga: haya ni maudhi madogo madogo. Kwa kawaida huanza saa kadhaa baada ya sindano na kuisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Ni kinga ya mwili inafanya kazi yake.

Mzio ni pale kinga inapokosea adui. Inakutana na kitu ambacho kwa jirani yako hakina neno, yenyewe inakipigia king'ora. Kwenye chanjo, kitu hicho mara nyingi si kile kilichokusudiwa kukukinga bali kilichochanganywa nacho au kilichobaki kiwandani. Chanjo ya homa ya manjano hukuzwa kwenye mayai ya kuku, kwa hiyo mwenye mzio mkali wa mayai lazima aseme mapema. Chanjo nyingine zina gelatini, nyingine mabaki ya antibiotiki kama neomycin. Ile ya homa ya ini aina ya B hutengenezwa kwa kutumia chachu (hamira ni ya ukoo huo huo).

Mzio mdogo ni vipele na kuwashwa. Ule mkubwa unaitwa anafilaksia, na huo haushiki ngozi peke yake. Unashika ngozi, pumzi, moyo na tumbo, mara nyingi zaidi ya kimoja kwa mpigo: vipele vinasambaa mwili mzima, midomo au macho yanavimba, sauti inakauka, koo linabana, kifua kinapiga filimbi, tumbo linasokota, unatapika, presha inaporomoka. Mtu anaweza kuwa mzima saa nne kamili na saa nne na dakika kumi akawa hawezi kupumua.

UNATOKEA MARA NGAPI?

Mara chache sana, na hapa naomba tuelewane vizuri maana wapo watakaosoma kichwa cha habari tu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliangalia dozi zaidi ya milioni 25 za chanjo mbalimbali. Wakapata watu 33 waliopata anafilaksia iliyosababishwa na chanjo. Ni kama mtu mmoja na kidogo kwa kila dozi milioni moja, na hakuna aliyekufa.

Chanjo za Korona za aina ya mRNA zilianza na namba kubwa kuliko hiyo. Tarehe 8 Desemba 2020, siku ya kwanza ya chanjo ya Pfizer kule Uingereza, wahudumu wawili wa afya waliokuwa na historia ya mzio mkali walipata mshtuko, wakatibiwa, wakapona. Marekani nao wakahesabu: kati ya tarehe 14 na 23 Desemba 2020 walichoma dozi za kwanza 1,893,360 na wakapata watu 21 wenye anafilaksia. Kati ya hao 21, watu 15 walianza dalili ndani ya dakika 15, na 18 ndani ya dakika 30. Na 17 walishawahi kuwa na mzio wa kitu fulani huko nyuma.

Umeona sasa dakika 15 zinatoka wapi? Kwa chanjo hiyo Marekani waliweka utaratibu wa dakika 15 kwa kila mtu na 30 kwa wenye historia ya mzio mkali. Haina maana kwamba dakika ya 16 uko salama asilimia mia. Kwenye ule utafiti wa 2016 wapo walioanza dalili baada ya saa nzima na zaidi. Ila ile hatari ya kasi kuliko zote, ambayo huna muda wa kutafuta bajaji, ndiyo inayotaka ikukute karibu na nesi.

KUZIMIA SIO MZIO

Hapa ndipo watu wanapochanganya, na kuchanganya huku kumeleta balaa kweli kweli.

Mwaka 2014, mji wa El Carmen de Bolívar nchini Kolombia, wasichana wa shule walianza kuzimia baada ya kupewa chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Mmoja, kumi, mwishowe mamia. Video za wasichana wakibebwa hospitali zikasambaa mtandaoni. Uchunguzi haukukuta kwamba chanjo ndiyo iliyowaangusha. Ilikuwa hofu iliyoambukizana. Lakini wazazi walishaamua, na uchanjaji ukaanguka nchi nzima kutoka juu kabisa hadi karibu na chini kabisa. Saratani yenyewe haikwenda popote.

Tanzania tunatoa chanjo hiyo hiyo tangu 2018, na mara nyingi ni shuleni. Piga picha: foleni, jua, binti hajanywa hata chai, aliye mbele yake analia. Akichomwa anadondoka. Hapo nusu ya walimu wanasema "sumu" na nusu wanasema "woga tu", na makundi yote mawili hayajamwangalia binti.

Mwangalie hivi. Anayezimia kwa woga huanguka palepale au ndani ya dakika chache. Anapauka, anatoka jasho la baridi, mapigo ya moyo yanakuwa ya polepole. Anapumua vizuri, hana vipele, hajavimba. Ukimlaza na kuinua miguu, anarudi baada ya dakika moja au mbili.

Mwenye anafilaksia mapigo yanakwenda mbio na ni dhaifu. Ngozi mara nyingi inawaka na kuwasha, pumzi inasumbua, na ukimlaza harudi, bali anazidi. Angalizo: vipele vinaweza visiwepo kabisa. Kwa hiyo asiyerudi haraka baada ya kulazwa, au anayehangaika na pumzi, usimwite mwoga.

DAWA NI MOJA

Adrenalini, ya kuchoma kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Sio begani, sio chini ya ngozi. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 0.5 kwa mtu mzima, na inaweza kurudiwa baada ya dakika tano kama hali haijakaa sawa. Kazi hiyo ni ya mhudumu, sio yako wewe msomaji, ila ujue ili ukiona wanatafuta Piriton kwanza uweze kuuliza, "Samahani dokta, adrenalini je?" Piriton inapunguza muwasho. Haifungui koo na haipandishi presha. Haidrokotisoni nayo inachelewa mno kuwa ya kwanza.

Wakati huo mgonjwa alazwe, miguu juu. Kama pumzi ndiyo tatizo, aachwe akae, miguu ikiwa imenyooka. Asisimamishwe wala kutembezwa "apate hewa", hilo tunalipenda sana sisi na limeshaua watu, kwa sababu damu inakimbilia miguuni na moyo unabaki mtupu. Akipata nafuu bado asiende nyumbani, maana dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila kuchokozwa upya. Akae hospitali aangaliwe.

KABLA NA BAADA YA SINDANO

Kabla ya kuchomwa sema kama umewahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa chakula, dawa, nyuki au chanjo yoyote. Usione aibu kuuliza kama kuna adrenalini chumbani na kama haijapita tarehe. Wahudumu wazuri hawachukii swali hilo.

Ukiwa kwenye benchi usilale, na usivae spika za masikioni ukajifungia na muziki. Kama umempeleka mtoto, mfunue shingo na kifua umwangalie, maana hawezi kukwambia koo linabana. Atakohoa ghafla, atalia kwa sauti iliyokauka, au atalegea tu.

Likitokea jambo, liandikwe. Hapa Tanzania taarifa zinakwenda TMDA, Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Huko zinaunganishwa na za nchi nyingine kwenye hifadhi ya kimataifa iliyoko Uppsala, Sweden. Huhitaji kuthibitisha kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha, hiyo ni kazi ya wataalamu. Wewe toa jina la chanjo, namba ya toleo iliyo kwenye kichupa, saa uliyochomwa na saa dalili zilipoanza. Namba ya toleo ndiyo watu wanayosahau, na bila hiyo hakuna anayeweza kujua kama shida ni ya mtu mmoja au ya boksi zima.

Aliyepata mzio mkali asirudie chanjo ileile mpaka daktari amchunguze na kujua ni kiungo gani kilichomsumbua. Mwambie nesi akuandikie kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, kwa sababu mwaka kesho utakutana na nesi mwingine.