Daftari za mvua za Ituri

Desemba 2023 ilitimia miaka 90 tangu Wabelgiji waunde INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo yenye kituo chake kikuu Yangambi na kingine katika milima ya Nioka, wilayani Mahagi. Wakulima wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, ambao shamba lao linaishi kwa mvua tu, wana sababu ya kuikumbuka: anayetaka kujua mvua yao imebadilika kiasi gani hana budi kuanzia kwenye daftari za wakati ule.

Nyuma ya daftari hizo kuna ugomvi mkubwa. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilitoa amri ya mazao ya lazima, iliyopiganiwa na Edmond Leplae, mkurugenzi wa kilimo aliyevutiwa na mfano wa Waholanzi huko Java. Mwanakijiji alipangiwa cha kupanda na ukubwa wa shamba, hadi siku 60 za kazi kwa mwaka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, 1942, zikafika 120. Aliyekaidi alifungwa. Mkulima, kwa upande wake, alichanganya mahindi, maharage na mihogo, akapanda kwa awamu. Jua likiunguza mahindi, mihogo ingali ardhini na sombe haikosekani. Afisa kilimo aliona fujo tupu. Alitaka zao moja, mistari iliyonyooka, tarehe moja. Mvua ikichelewa, hasara ilikuwa ya mkulima, si ya ofisi. Nasema wazi kwamba mkulima ndiye aliyeona mbali. Watafiti wa INEAC wenyewe, walipopanga mashamba ya wenyeji karibu na Yangambi, walijenga juu ya desturi yake ya kuchanganya mazao na kulaza ardhi.

Kazi moja ya vituo vile, hata hivyo, ilikuwa ya maana kweli. Asubuhi, mtu alimimina maji ya kipimamvua katika gilasi yenye mistari, akasoma milimita, akaandika, hata siku ya sifuri. Sifuri hizo ni mali. Jumla ya mwaka yaweza kuwa ileile, lakini siku kumi kavu zikiangukia mahindi yanapotoa mbelewele, ghala hubaki tupu. Kutokana na vipimo vya namna hiyo Franz Bultot alitunga atlasi ya tabianchi ya bonde la Kongo, iliyoanza kuchapishwa 1971.

Ukaja uhuru wa 1960, taasisi ya kitaifa INERA ikarithi utafiti wa INEAC 1970, kisha vita vya 1999 hadi 2003 vikahamisha vijiji vizima, na vipimamvua vikapungua. Leo wataalamu hutegemea makadirio ya setilaiti kama CHIRPS, yanayoanzia 1981 na kusahihishwa kwa vipimo vya ardhini. Kwenye milima, ambako bonde hili hunyeshewa na lile likakauka, uhaba wa vipimo hivyo ni aibu kwetu.

Ziwa Albert lilipofurika 2020, wengi waliona ni jambo jipya kabisa. Kumbe mvua kubwa zilizoanza 1961 ziliinua maziwa ya ukanda huu, na Victoria peke yake likapanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Ili tusisahau tena, METTELSAT, idara ya hali ya hewa ya Kongo, na INERA zirudishe vipimamvua Djugu, Irumu na Mahagi, na kando ya milimita ziandike tarehe ambayo mkulima mwenyewe aliamua kupanda.