Kasi ya bure ilivyokwisha kwenye kadi za grafiksi

Kadi ya grafiksi inayoshuka Makambako leo imepita njia ya kila mzigo: Kariakoo, buti la basi, barabara ya Tanzania–Zambia, hadi pale abiria wa Njombe na Songea wanapokunja kushoto. Mwenye nayo akishaichomeka kwenye mazabodi na skrini ikawaka, haichukui muda kabla hajamgeukia fundi: "Hii si inaongezeka kasi?" Swali hilo lina umri wa karibu miaka 30. Jibu lake limebadilika mno njiani, na kwa mtu wa Njombe jibu la leo ni kinyume cha lile la kwanza.

Tanzania iliikuta habari hii ikiwa imeshaanza. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, na mlango huo haukufunguliwa hadi miaka ya 1980. Televisheni yenyewe ilianza kurushwa Bara mwaka 1994. Miaka miwili baadaye, kampuni ya Marekani iitwayo 3dfx ikaingiza sokoni chipu ya kadi za Voodoo, iliyofanya gemu za kompyuta zionekane kama za mashine za kumbi za michezo. Sisi hapa wengi bado tulikuwa tunashangaa taarifa ya habari yenye picha.

Chipu ya Voodoo ilipiga megahezi 50, yaani mapigo milioni 50 kwa sekunde. Aliyetaka zaidi hakuhitaji programu yoyote. Alifungua faili la autoexec.bat, lile ambalo kompyuta ya DOS husoma kila inapowaka, akaandika mstari mmoja: SET SST_GRXCLK=55. Akizima na kuwasha, kadi inapiga 55 badala ya 50. Akizidisha, picha inajaa vidoti au mashine inaganda, basi anarudi nyuma hatua moja. Kanuni hiyo ya kupanda kidogo, kujaribu na kushuka inapoyumba haijabadilika hadi leo.

Kasi hiyo ya ziada ilitoka wapi? Chipu zilizokatwa kwenye sahani moja ya silikoni hazilingani. Moja inavumilia mapigo mengi, jirani yake haivumilii. Kiwanda hakiwezi kuziuza moja moja kwa bei yake, hivyo hupanga kasi ambayo hata ile dhaifu itaimudu, na kuongeza tahadhari juu yake. Mwenye bahati alikuwa amenunua chipu nzuri kwa bei ya dhaifu bila kujua. Mfano mashuhuri si wa kadi bali wa prosesa: Celeron 300A ya Intel, ya Agosti 1998, iliuzwa kama ya megahezi 300. Ukibadilisha mpangilio mmoja wa mazabodi kutoka 66 kwenda 100, nyingi zilifika 450 na kukimbizana na prosesa za bei kubwa kuliko hizo mara kadhaa. Biashara iliyomuuma mtengenezaji ikamfurahisha mwanafunzi.

Kwenye kadi za grafiksi, jina linalopaswa kukumbukwa ni la Mrusi Alexey Nicolaychuk. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alianza kutengeneza RivaTuner, programu ndogo ya bure iliyofungua mipangilio ambayo Nvidia haikumwonyesha mnunuzi wa kadi zake za Riva. Nvidia nao walikuwa na mlango wao wa siri: ndani ya sajili ya Windows uliweza kuongeza neno Coolbits na kulipatia thamani ya 3, na ukurasa wa kupandisha kasi ukachomoza ndani ya draiva kana kwamba ulikuwepo siku zote. Na kweli ulikuwepo. Walikuwa wameuficha tu.

Miaka ya 2002 hadi 2004 ndiyo ilikuwa kilele cha mambo hayo. Kadi ya ATI iitwayo Radeon 9500 ilikuwa chipu ya 9700 iliyofungwa nusu ya njia zake za kuchora. Kwa kurekebisha draiva, baadhi ya wanunuzi walizifungua njia zile na kujikuta na kadi ya daraja la juu. Wengine walipata miraba kama ya ubao wa drafti skrini nzima, ushahidi kwamba nusu iliyofungwa ilikuwa mbovu kweli. GeForce 6800 ya mwaka 2004 nayo ilifunguliwa kwa RivaTuner, njia 12 zikawa 16. Mimi hapo namwona mtengenezaji akikamatwa: bidhaa ile ile, bei mbili, tofauti ni kufuli.

Makampuni yakajifunza. ATI ilianza mwaka 2003, na kadi ya 9800 XT, kuweka kipandisha kasi chake yenyewe ndani ya draiva, kikiitwa Overdrive. RivaTuner iliishia toleo la mwaka 2009, na kazi yake ikahamia kwenye MSI Afterburner, mtunzi akiwa yule yule Nicolaychuk. Mpaka leo hiyo ndiyo programu ambayo karibu kila mtu huelekezwa kwayo, hata kama kadi yake si ya MSI. Januari 2023 mtunzi aliandika hadharani kwamba kazi ilikuwa karibu kusimama kwa sababu malipo yalikwama baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza. Matoleo mapya yalikuja kuendelea kutoka, lakini watu wengi ndio kwanza waligundua kwamba chombo wanachokitumia dunia nzima kilikuwa kimebebwa na mabega ya mtu mmoja.

Machi 2012, mwezi ule ule Mkoa wa Njombe ulipozaliwa kutoka ubavuni mwa Iringa, Nvidia walitoa GTX 680 yenye kitu walichokiita GPU Boost. Kadi sasa ilijipima yenyewe: joto likiwa chini na umeme ukiwepo, inapanda, mambo yakibana, inashuka. Kuanzia kizazi cha GTX 1080, mwaka 2016, kujipima huko kukawa kwa hatua ndogondogo sana. Ile akiba iliyokuwa ikiachwa kwa mnunuzi sasa huliwa na kadi yenyewe kabla hujagusa chochote. Anayevuta kitelezo cha Afterburner siku hizi hupata asilimia chache, mara nyingi chini ya kumi, na anazilipia kwa joto, kelele za feni na uniti za LUKU.

Hapo ndipo Njombe inapoingia kwa uzito. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai kuna asubuhi ambazo sakitu hulala juu ya viazi. Kijana wa Dar es Salaam mwenye kadi inayochemka nyuzi 80 anaionea wivu baridi hiyo, na ana haki, ingawa si yote. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi, uzito wake ni takriban nne ya tano ya ule wa pwani. Feni inazunguka vilevile, lakini hewa inayopita kwenye mapezi ya kupoozea inabeba joto pungufu. Baridi inafidia hasara hiyo na kubakiza faida kidogo, si ile ambayo watu hudhani. Makambako, chini kidogo, ina la kwake: upepo, uliowavuta hata wawekezaji wa umeme wa upepo. Wakati wa kiangazi upepo huo huja na vumbi, na kadi iliyokaa msimu mzima bila kupulizwa hurudisha joto lote ambalo baridi iliondoa.

Kuna na umeme. Njombe imewahi kusaidiwa na umeme wa TANWAT, kampuni ya miwati iliyoanzishwa mwaka 1949, ambayo mwaka 1995 ilijenga mtambo wa megawati 2.5 unaochoma mabaki ya kuni. Mwaka 2018 njia ya kilovolti 220 ikatoka Makambako kupitia Madaba hadi Songea, na jenereta nyingi za dizeli za kusini zikapumzika. Hata hivyo mtu mwenye studio bado hawashi mashine bila stebilaiza na UPS. Video ya harusi au ya kipaimara ikikatika inapokaribia kumaliza kurenda, inaanza upya, na mteja alishaahidiwa jioni. Kwa kazi kama hiyo, kadi inayomaliza dakika mbili mapema lakini inazima mashine mara moja kwa wiki ni hasara tupu.

Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi sasa wanafanya kinyume: wanapunguza volti badala ya kuongeza kasi. Ndani ya Afterburner unabonyeza Ctrl na F, unatokea mchoro wenye volti chini na megahezi pembeni. Unachagua nukta ya volti 0.9, unaivuta juu hadi kasi ambayo kadi yako huifikia kwa kawaida, kisha nukta zote za kulia unazilaza ziwe sawa nayo. Umeme unaoliwa na chipu huenda na mraba wa volti. Kushuka kutoka 1.05 hadi 0.9 kwa kasi ile ile kunaokoa karibu robo yake. Joto linashuka, feni zinatulia, na UPS inapumua. Jaribu kwa gemu nzito au kwa kurenda kazi ya kweli, si kwa dakika tano. Ikiganda, ongeza volti hatua moja.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kadi ni ile uliyoambiwa. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiksi, na kadi za wachimbaji zikamwagika kwenye masoko ya mitumba duniani. RX 580 ya mwaka 2017, yenye kula wati 185, ilikuwa kipenzi chao. Nyingi zimebadilishwa bayosi ili kumbukumbu ikimbie kwa ajili ya uchimbaji, hivyo zinakufikia zikiwa zimeshapandishwa na mtu usiyemjua. Kuzipandisha tena juu ya hapo ni kutafuta moshi. Wapo pia walioandika jina la GTX 1050 Ti kwenye bayosi ya kadi ya zamani ya GTS 450. GPU-Z, programu nyingine ya bure, tangu mwaka 2018 huziumbua kwa kuandika FAKE mbele ya jina.

Basi ndugu msomaji, ukiwa na kadi mpya mezani, GPU-Z na Afterburner zinakutosha. GPU-Z ipakue kwa TechPowerUp, na Afterburner kwa MSI wenyewe au Guru3D. Mwaka 2022 zilienea tovuti bandia za Afterburner zilizokuwa zikipachika programu ya kuchimba sarafu kwa siri, na aliyekosea anwani aliishia kumlipia umeme mwizi wake.