Neno la leo: kuvuna

Shinyanga pamba tunaivuna, mpunga tunauvuna, mahindi tunayavuna. Kitenzi hiki hakijazoea kiambishi -m-, kile cha mtu.

Lakini katika BioShock, mchezo wa video wa kutisha wa mwaka 2007, mchezaji akimshika binti mdogo huchagua: amwokoe au “amvune”. Akimvuna, mtoto hufa, na mchezaji hupata nguvu zaidi papo hapo. Ila akiwavuna wengi, mwisho wa hadithi huwa mbaya.

Miaka hiyohiyo, ukanda wetu wa dhahabu, Shinyanga hadi Geita, ulikuwa na walioamini kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta bahati machimboni. Watu hao wakawindwa, na watoto wenye ualbino wakakimbilia hifadhi katika kituo cha Buhangija, Shinyanga. Kwenye mchezo kuna kitufe cha kuanza upya; Geita hakuna kitufe hicho. Sarufi ilishatuonya: mtu havunwi.